Mji, Mlima, Bahari: Vidokezo kwa Wawili Wanaosafiri Kipupwe

Ikikaribia Juni, wanandoa na wachumba wengi wa Dar es Salaam wakipata likizo huwaza boti ya Unguja tu. Unguja ni pazuri, na atakayekwenda atafurahi. Lakini ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa watu wawili, nayo haihitaji ndege wala gari la kukodi: kula Dar siku mbili, kupanda Lushoto, kushuka Tanga mjini, kisha kumalizia Pangani. Siku tisa au kumi zinatosha, na mabasi yapo njia nzima. Vilevile naamini mpangilio wenyewe una maana, yaani tumbo lianze, miguu ifuate, maji yawe mwisho. Mkianza na ufukwe hamtapata tena nguvu ya kupanda mlima. Mkianza na mlima mkiwa bado na uchovu wa kazi, mtakwaruzana kabla ya kufika kileleni.

1. Nendeni kati ya Juni na Agosti

Masika imekwisha, njia za milimani zimekauka, na joto la Dar limepungua kiasi kwamba mnaweza kutembea mchana bila kuloa jasho. Huu ndio msimu wa kusi, na upepo huo una mambo mawili mnayopaswa kuyajua mapema. Kwanza, baharini huchafuka kadiri mchana unavyosogea, kwa hiyo kila safari ya mashua iwe ya asubuhi. Pili, Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku baridi yake ni ya kweli. Bebeni sweta nzito, soksi na kofia. Nimewaona watu wa pwani wakifika pale na fulana tu, halafu wakashinda wamejifungia chumbani na blanketi.

Epukeni kusafiri karibu na Saba Saba na Nane Nane, yaani tarehe 7 Julai na 8 Agosti, pamoja na siku shule zinapofungwa. Mabasi hujaa, na gesti nzuri huwahiwa.

2. Safari ianze Ijumaa, kwa sababu ya biriani

Hili msilipuuze. Ijumaa mchana, baada ya swala, migahawa mingi ya Dar hupika biriani na pilau ya siku hiyo, na hapo ndipo mtajua kwa nini mji huu hauhitaji kujisifu kwa chakula. Tafuteni mgahawa wenye watu wengi waliokaa, msiangalie ubao ulio mzuri. Agizeni biriani moja na pilau moja, mgawane. Sosi ya biriani ikiwa na kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kahawia na kuyeyuka humo humo, mmefika kwa mpishi anayejua kazi. Ikiwa nyekundu tupu ya nyanya, lipeni kwa adabu, mtafute kwingine kesho.

Baadaye, jua likipoa, tembeeni kwa miguu Kisutu na Upanga. Vyakula vya Wahindi wa Dar vimekuwa vyetu sote kwa muda mrefu: kachori, bhajia za dengu, kababu, sambusa nyembamba zinazovunjika zikiguswa, na chatini ya nazi ya kuchovya. Msinunue sahani nzima mahali pamoja. Chukueni viwili viwili, songeni mbele. Wawili mkila hivi mnaonja mengi, na hakuna anayelalamika kwamba mwenzake amechagua vibaya.

3. Jumamosi asubuhi, Feri

Mkichelewa kuamka mmekosa. Soko la samaki la Feri, pale Kivukoni, lina uhai wake alfajiri na asubuhi, mashua zinapoleta samaki na mnada ukiwa umechachamaa. Vaeni viatu visivyoogopa maji ya samaki. Simameni pembeni kidogo mtazame: dalali anainua fungu la changu, bei inapanda kwa sauti, mama mmoja anatikisa kichwa tu, na samaki wamekwisha kuwa wake. Ukizubaa hujui aliyenunua ni nani.

Baada ya hapo nunueni samaki wenu, mpeleke kwa wakaangaji walio hapo hapo sokoni. Wanamparua, wanamchanja, wanampaka chumvi na ndimu, kisha anaingia kwenye karai kubwa la mafuta yanayochemka juu ya kuni. Semeni mapema kwamba mnataka akauke. Ombeni pilipili na ugali mdogo. Sijakula kifungua kinywa Dar kinachokizidi hiki, nami najua nitapingwa na watu wa supu.

4. Jioni kuleni barabarani

Hoteli za ghorofa zina mandhari, lakini chakula cha jioni cha Dar kiko chini. Tafuteni muuza pweza. Mara nyingi ana meza ndogo, taa moja, sufuria ya supu inayotoa mvuke, na ubao wa kukatia. Pweza kapikwa akalainika. Jamaa anakata mkia kwa kisu kikali, vipande vidogo sawasawa, anavichoma kwa vijiti na kuviweka mbele yenu, pembeni bakuli la pilipili. Mnakula mkiwa mmesimama na wateja wengine, mkihesabu vipande wenyewe, na mwisho mnalipa kwa uaminifu. Supu hunywewa kwa kikombe. Watasema maneno kuhusu supu ya pweza na wanaume. Chekeni nao, endeleeni kula.

Usiku mmoja uwe wa Coco Beach: mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati ikajazwa kachumbari na pilipili, mishikaki, na dafu la kuteremshia. Kama mnapenda kahawa, Kariakoo bado kuna wazee na vijana wanaouza kahawa chungu kwa vikombe vidogo pamoja na kashata, na kwenye benchi lao mtasikia siasa na mpira wa nchi nzima kwa bei ya kikombe kimoja.

5. Usiku wa mwisho wa Dar msishibe sana

Basi la Lushoto ni la asubuhi, na safari ni ya saa sita hadi nane. Tumbo lililojaa mishikaki ya saa tano usiku halitawashukuru kwenye kona za Soni, njiani kupanda Lushoto.

6. Kaeni upande wa dereva

Mabasi ya mikoani huondoka kituo cha Magufuli, Mbezi. Kateni tiketi siku moja kabla, na mchague viti wenyewe. Ombeni upande wa kulia. Jua la asubuhi litawasumbua kidogo, lakini mkishapita Segera na Korogwe milima ya Usambara inaanza kusimama upande huo huo, mwanzoni ya buluu hafifu, baadaye kijani, hadi ukuta wake mzima unakuwa juu ya dirisha lenu. Mpaka Mombo mnakwenda chini ya ukuta huo. Reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kwa muda mrefu abiria wa Lushoto alishukia hapo.

Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kupanda. Barabara ni ya lami lakini nyembamba, imejikunja ubavuni mwa bonde, na hewa inabadilika mkiwa humo humo ndani ya basi. Fungueni dirisha mkifika Soni. Anayepatwa na kichefuchefu akae dirishani, awe na tangawizi mdomoni, na asisome simu.

7. Siku ya kwanza Lushoto msipande chochote, nendeni Irente

Mji wenyewe ni mdogo: soko, stendi, makanisa, msikiti, majengo machache ya enzi za Wajerumani, ambao walipaita Wilhelmstal. Wekeni mizigo, ulizeni kama maji ya moto yapo kweli (ombeni yafunguliwe mkiwa hapo hapo), kisha mwendo wa taratibu hadi Irente, kilomita chache tu kutoka mjini. Njiani kuna shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, wanakotengeneza jibini, mkate wa unga usiokobolewa na jamu. Nunueni vya kula juu.

Jitahidini mfike kwenye mwamba wa Irente kama saa kumi na nusu jioni. Ardhi inakatika ghafla mbele yenu, na karibu mita 1,000 chini yake kuna Mazinde, barabara mliyopitia ikiwa uzi mwembamba, na mistari ya mkonge iliyonyooka shamba baada ya shamba. Nyuma yake tambarare inakwenda magharibi mpaka macho yachoke. Kumbukeni hiyo mistari ya mkonge, tutakutana nayo tena Pangani.

Hakuna ukuta pale mwambani. Anayependa kupiga picha na anayeogopa kimo wakubaliane mapema mwisho wa kusogea ni wapi, na neno la anayeogopa ndilo lifuatwe. Jua likizama kodini bodaboda za kurudia, maana giza la milimani halisubiri.

8. Mkitembea, asiye na kasi atangulie

Kati ya vidokezo vyote hiki ndicho ninachokithamini zaidi. Katika kila wawili yuko mmoja mwenye miguu mirefu au mapafu makubwa. Akitangulia, mwenzake atashinda anamkimbiza, na kila akimfikia yeye ndiye kwanza ameshapumzika, anaanza kuondoka. Baada ya saa mbili hakuna mazungumzo tena, na anayebaki nyuma anaanza kujiona mzigo. Mwenye mwendo mdogo akitangulia, wote wawili mnapumua, mnaongea, na mnaona vitu. Wanandoa hutoka mjini na maneno waliyoyaweka akiba kwa miezi, na kwenye njia ya mlimani, mkiwa hamtazamani usoni, mengi hupata njia ya kutoka. Msiyazibe kwa kukimbizana.

Njia zenyewe ni mbili za kuchagua. Mkiwa na siku moja, ingieni msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ada hulipwa kwa namba ya malipo, si mkononi mwa mtu. Ndani ni giza la kijani, miti mirefu, kuvu na mawe yaliyoota kigoga. Mkitulia mtasikia mbega kabla ya kuwaona: wana manyoya meupe marefu yanayoning'inia mabegani, na wakiruka kutoka mti hadi mti yanapepea. Mwambieni mwongozaji awatafutie kinyonga mwenye pembe mbili. Usambara ina viumbe wengi wasiopatikana kwingine duniani, kwa kuwa milima ya Tao la Mashariki, ambayo Usambara ni sehemu yake, imekaa peke yake, imezungukwa na nyika kavu, kwa mamilioni ya miaka. Hata ua la urujuani linalopandwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni huku. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake, kana kwamba Wasambaa walikuwa hawalioni.

Mkiwa na siku tatu, tembeeni hadi Mtae. Njia inapita mashamba ya kabichi, karoti na viazi yaliyopandwa kwenye miteremko mikali, vijiji vya matofali, na misitu midogo midogo. Rangwi masista wana nyumba ya wageni, na mtu aliyetembea siku nzima akifika akapewa chakula cha moto na kitanda kisafi hatauliza kingine. Mtae imejengwa kwenye ukingo wa mwisho wa mlima, bonde kulia na bonde kushoto, na mbele tambarare za Mkomazi na milima ya Upare. Asubuhi yenye anga safi Kilimanjaro huonekana.

Viatu viwe vile mlivyokwisha kuvizoea. Viatu vipya ni malengelenge ya uhakika. Mwongozaji mchukueni katika ofisi inayotambulika mjini, mpewe risiti, na msikubali anayewadaka mnaposhuka kwenye basi. Maji lita mbili kwa kila mtu, ndizi, karanga, na koti la mvua hata kama ni kiangazi, kwa sababu ukungu wa Usambara hulowesha kama manyunyu.

9. Salamu kwanza, simu baadaye

Vijiji hivi si mandhari ya picha. Watu wanalima, wanapeleka watoto shule, wanazika wapendwa wao. Mzee apewe shikamoo yake mkiwa mmesimama, si mkiwa mnapita mbio. Mkijua salamu ya asubuhi ya Kisambaa, "onga maundo", milango itafunguka. Historia ya hapa nayo ni nzito: ufalme wa Wakilindi uliokuwa na makao yake Vugha, na mfalme wake Kimweri ye Nyumbai ambaye mamlaka yake yalifika hadi pwani. Abdallah bin Hemedi alikusanya masimulizi ya ufalme huo katika kitabu cha Kiswahili, Habari za Wakilindi. Kama mmoja wenu anapenda kusoma, akitafute kabla ya safari, kisha awe msimuliaji wa jioni.

10. Tanga ipeni siku mbili, na mpande baiskeli

Wasafiri wengi hupita Tanga wakiwa wamelala kwenye basi. Ni hasara. Mkishuka kutoka Lushoto mtapita Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, mji wa machungwa, ambako kando ya barabara yamepangwa mafungu mafungu. Baada ya baridi na vumbi la mlimani, chungwa la Muheza lililomenywa kwa kisu likabaki na ngozi nyeupe, mkakata kofia na kulinyonya, ni tiba.

Tanga yenyewe ni tambarare, ina barabara pana zenye miti, na ni mji wa baiskeli tangu zamani. Kodini mbili. Asubuhi ya kwanza zungukeni mji wa kale na bandari, mwone boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, lilitua hapa likitarajia kuuchukua mji, likarudishwa majini na kikosi kidogo zaidi cha Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia askari, na habari hiyo ya nyuki ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu.

Mapango ya Amboni yako kilomita nane hivi kaskazini mwa mji. Ni mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji, vyumba ndani ya vyumba, popo darini, na mahali pa mzimu ambapo watu bado huacha sadaka zao. Msiguse. Kuna sehemu za kupita kwa kutambaa, kwa hiyo msivae nyeupe.

Jioni kuleni. Tanga ina mkono wa Kiswahili hasa: samaki wa kupaka aliyechomwa kwanza kwa makaa ndipo akapakwa tui zito lenye ndimu na bizari, bada la unga wa muhogo, mkate wa ajemi, kaimati zinazong'aa shira, chai ya maziwa yenye hiliki na tangawizi. Maziwa ni mengi hapa, mtindi nao ni mzuri. Mkiwa na nafasi ya mlo mmoja tu, samaki wa kupaka.

11. Pangani msiwe na ratiba, isipokuwa ya maji

Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50 kwenda kusini. Njiani mnapita maeneo ya Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, katika kitongoji cha Vibambani. Kwa yeyote aliyesoma Kiswahili shuleni, kupita pale kimya ni vigumu. Mwambieni dereva awaonyeshe.

Pangani imekaa mdomoni mwa mto wake, mto ulioanzia huko juu kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru. Mji ni mtulivu: nyumba kuukuu zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, wanaume wakitengeneza nyavu, minazi pande zote. Utulivu huo msije mkadhani umekuwapo siku zote. Misafara ya pembe na watumwa ilitokea bara ikafikia hapa. Hapa pia ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza pwani kuwapinga Wajerumani, alinyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Tembeeni mji mzima kwa miguu na mwenyeji mwenye umri, mmwache azungumze.

Na sasa ule mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasafirishwa kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba mliyoyaona kutoka Irente, na yale yaliyowasindikiza kando ya barabara kutoka Korogwe, na maelfu ya watu waliohama makwao kuja kukata katani, yote yalianzia kwenye miche hiyo. Mkivuka mto kwenda Bweni, kisha mkielekea kusini hadi Ushongo, mtapita katikati ya mkonge na minazi.

Ushongo ndiko kwa kulala siku tatu za mwisho. Mchanga ni mrefu, watu ni wachache. Kutoka huko ndiko mtakwenda Maziwe, eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, na hapa ndipo penye ratiba ya maji. Maziwe zamani ilikuwa na mivinje. Sasa imebaki fungu la mchanga mtupu, na maji yakijaa siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, lote linafunikwa. Kwa hiyo kabla ya kulipia mashua muulizeni nahodha maji yanakupwa saa ngapi kesho. Mtake muondoke mapema, kusi ikiwa bado haijaamka, mfike mchanga ukiwa nje, mwogelee kwenye matumbawe na kurudi kabla bahari haijachafuka. Bebeni mwavuli au khanga za kujifunika, kwani kivuli hakuna hata cha mti mmoja.

Kasa bado hupanda Maziwe kutaga, lakini mayai yaliyoachwa pale huzama maji yakijaa. Ndiyo maana wahifadhi huyahamishia ufukweni Ushongo na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Ulizeni mkifika kama kuna kiota kinachokaribia, kwani miezi hii huangukia ndani ya msimu. Mkibahatika mtaona mchanga ukitikisika, halafu kichwa kimoja, halafu ishirini, vitoto vinavyoenea kiganjani vikikimbilia maji. Zimeni taa za simu, maana mwanga huvipoteza, na msivibebe hata kama mnavionea huruma. Mchango mdogo mtakaotoa humsaidia mwanakijiji anayelinda viota hivyo usiku.

12. Kuhusu mavazi

Ufukweni Ushongo vaeni mnavyotaka. Mitaani Tanga, Pangani na vijijini Lushoto, khanga moja au kanzu nyepesi ya kujitupia inatosha kuwaheshimu wenyeji. Kushikana mikono hakuna tatizo. Mengine yawe ya chumbani.

13. Pesa ya safari iwe mfuko mmoja

Wekeni fedha pamoja kabla ya kuondoka, kila mmoja kwa uwezo wake, na mmoja awe mtunzaji. Kila bili ikiwa na swali la nani analipa, siku kumi ni nyingi. Pangani msitegemee kadi, mtandao wa simu ndio unaolipa, na noti ndogo zinahitajika kwa bodaboda na madafu. Kila mmoja apewe siku yake moja ya kuamua kila kitu, kuanzia kifungua kinywa mpaka kulala, na mwenzake afuate bila kununa. Mkigundua mnabishana mambo madogo, kuleni kwanza. Mara nyingi ni njaa.

14. Rudini mchana, na muiache siku moja wazi

Kutoka Pangani rudini Tanga jioni ya siku moja kabla, mlale, mpande basi la asubuhi la Dar. Hakikisheni mnafika mchana, kabla foleni ya Mbezi haijafunga. Kwenye begi kuwe na jibini la Irente lililofungwa vizuri, nazi chache, na machungwa ya kuwapa majirani waliowaangalizia nyumba. Kazini rudini keshokutwa. Kesho yake ni ya kufua, kulala mchana, na kuchagua pamoja picha za kuchapisha kwenye karatasi.